Saa 20 za Kibali, Saa 30 za Mwili

Katika kurasa za mwisho za daftari nililotumia kwa somo la takwimu, nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili nje ya nchi, kuna jedwali ambalo halikufundishwa darasani. Lina safu mbili. Ya kwanza niliiita "kibali", na humo niliandika saa ambazo mwajiri alinilipa na ambazo idara ya uhamiaji ingezikuta kama ingeamua kunichunguza. Ya pili niliiita "mwili", na humo niliandika muda wote ambao kazi ile ilinichukua, tangu nilipofunga vitabu hadi nilipofungua tena mlango wa chumba changu. Katika wiki ya kwanza niliyoijaza, safu ya kibali inasoma saa 20. Safu ya mwili inasoma saa 30 na dakika 25.

Nimelitafuta daftari hilo wiki hii kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata nafasi ya kusoma ughaibuni na ameniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo kaka. Viza imetoka. Nimesoma kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Nikizifanya zote si nitajitosheleza?" Nilianza kumjibu kwa simu, nikafuta, nikaanza upya, kisha nikatambua kwamba jibu langu lilikuwa refu kuliko ujumbe. Ndilo hili.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kuosha vyombo katika mgahawa, ile ambayo watu wetu huiita kubeba boksi hata pale ambapo hakuna boksi lolote la kubeba. Zamu zilikuwa tano kwa wiki, za saa nne kila moja, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Chumba cha kuoshea kilikuwa chembamba kama ujia, na mashine ilikuwa na mlango wa chuma uliopandishwa kwa mkono. Kila ulipoupandisha, wingu la mvuke lilikupiga usoni, na sekunde chache baadaye trei nyingine ya sahani chafu ilikuwa tayari imesukumwa mbele yako kupitia dirisha dogo. Sufuria zilizoungua hazikuingia mashinani. Hizo zilirundikwa chini ya sinki, nawe ukaziinamia mwisho wa zamu kwa dodoki la chuma, wakati wenzako wa mezani wakigawana bahashishi. Baada ya wiki mbili ngozi ya vidole vyangu ilikuwa imeanza kumenyuka pembeni ya kucha, na nilipopekua kurasa za kitabu maktabani niliacha alama ndogo za unyevu.

Saa 10 na ushee zilizozidi katika safu ya mwili hazikuwa na siri yoyote. Safari kutoka chumbani hadi kazini ilikuwa dakika 45 kwa basi, na kwa zamu tano kulikuwa na safari 10, yaani saa saba na nusu. Kila zamu nilipaswa kufika mapema kubadili nguo, na baada ya kutoka kulikuwa na kusafisha sakafu ambako hakukuandikwa popote, kisha kulisubiri basi. Nilivipima vyote nikapata dakika 35 kwa siku. Hakuna mtu aliyenidhulumu katika hesabu hiyo, isipokuwa labda kwenye sakafu. Ni kwamba ujira wa saa moja, ambao nilikuwa nimeuzidisha mara 20 kwa furaha kabla sijaondoka nyumbani, ulipaswa kugawanywa kwa saa 30, na nauli iondolewe kwanza. Na hata safu hiyo ya pili haikusema yote, kwa kuwa saa iliyofuata baada ya kufungua mlango nayo haikuwa na faida: nilikaa kitandani na makala ya kitaaluma mkononi, nikasoma aya moja mara nne, nikalala na viatu.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini hawakutuambia ni lipi hutangulia kuponyoka. Kwa uzoefu wangu ni lile lisilo na msimamizi. Zamu ina mtu anayekuita kwa jina ukichelewa dakika tano, ina orodha ukutani, na ina malipo mwisho wa mwezi. Usomaji wa wiki ya tatu hauna mtu. Hakuna anayepiga simu kuuliza kwa nini hukusoma sura ya sita. Kwa hiyo kila kazi ilipogongana na masomo, masomo ndiyo yaliyosogea, tena yalisogea kimyakimya, hadi siku ya kurudishiwa insha ya kwanza ya muhula, ambayo nilikuwa nimeiandika kwa usiku mbili na ambayo mwalimu aliandika juu yake kwamba haioni hoja yangu. Nami nilipoisoma tena sikuiona.

Niirudie ile namba ya 20 aliyoitaja mdogo wangu, kwa sababu wengi huichukua kana kwamba ni sheria ya dunia nzima, na sivyo. Kila nchi ina kikomo chake, na muhimu zaidi, kila nchi ina namna yake ya kuhesabu. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Wiki ya saa 10 haikupi haki ya kufanya 30 wiki inayofuata. Australia huhesabu kwa wiki mbili mbili, na tangu Julai 2023 kikomo ni saa 48 katika kila wiki mbili za kipindi cha masomo. Kanada ilikuwa na saa 20 kwa kazi za nje ya chuo, ikakiondoa kikomo hicho kwa muda kuanzia Novemba 2022 hadi Aprili 2024, kisha Novemba 2024 ikaweka saa 24. Ujerumani huhesabu siku: tangu Machi 2024 ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za usaidizi wa kitaaluma ndani ya chuo haziingizwi katika hesabu hiyo. Ufaransa huhesabu mwaka mzima, saa 964. Japani hukutaka kwanza uombe ruhusa ya kufanya shughuli nje ya masomo, kisha hukupa saa 28 kwa wiki, na wiki yao ni siku zozote saba zinazofuatana, uanzie siku yoyote upendayo kuhesabu. Marekani, kwa mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kazi ya kawaida ni ile ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea. Kazi ya nje ya chuo ina masharti na idhini zake, na mwaka wa kwanza wa masomo kwa kawaida haiguswi.

Nimezitaja zote hizo kwa sababu nimewaona watu wazima, wenye akili timamu, wakifuata kanuni ya nchi ambayo hawakuwa wakiishi. Rafiki yako aliyeko kwingine atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba saa hukusanywa na kulinganishwa mwisho wa mwezi, naye hasemi uongo. Anasema ukweli wa kwake. Zaidi ya hapo, kanuni hizi hubadilika, wakati mwingine katikati ya kozi, na aliyemaliza miaka mitatu iliyopita (nami nimo) si mtu wa kuulizwa namba. Barua ya viza na ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wa kigeni ndizo za kuulizwa.

Lakini hata ukiijua namba vizuri, kuna jambo ambalo namba haisemi. Kikomo kiliwekwa kumzuia mwanafunzi asigeuke mfanyakazi. Hakikupimwa ili kimtosheleze kwa kodi ya nyumba, ada na matumizi. Ndiyo maana nchi nyingi zinazotoa viza ya masomo hudai uthibitisho wa fedha kabla hujapanda ndege. Uingereza hutaka uonyeshe fedha za kuishi za hadi miezi 9, na Ujerumani hukubali akaunti iliyofungwa ambayo hukuachia kiasi fulani tu kila mwezi. Waliobuni utaratibu huo wanachukulia kwamba ungeweza kuishi bila kazi. Sisi tunaokwenda huko mara nyingi tunachukulia kinyume: zile fedha za kwenye taarifa ya benki zilichangwa na ndugu kwa muda, zinasubiriwa kurudi, na kazi ndiyo mpango wenyewe. Kati ya dhana hizo mbili ndipo mtu anapofika darasani akinuka mafuta ya jikoni.

Mwezi wangu wa tatu, mwenzangu wa zamu aliugua, na msimamizi aliniomba nibaki. Kufikia Jumamosi usiku nilikuwa nimekamilisha saa zangu 20, na Jumapili alitaka tatu nyingine. Nilipomweleza kwamba kibali changu hakiruhusu, hakukasirika. Alitabasamu kwa namna ya mtu ambaye amelisikia jambo hilo mara nyingi, akasema saa hizo tatu ataziandika kwenye wiki inayofuata, na kama sitaki ziandikwe kabisa, atanilipa mkononi. Aliyasema maneno hayo kana kwamba ananisaidia. Nilisimama pale na aproni iliyolowa, nikihesabu. Saa tatu zingetosha nauli ya wiki. Nani angejua?

Sikubaki, lakini nisijifanye shujaa, kwa sababu kilichonitoa pale kilikuwa woga kuliko uadilifu. Orodha ya zamu ya wiki iliyofuata ilipobandikwa, jina langu lilikuwa kwenye zamu mbili badala ya tano, na ya wiki iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyesema neno. Nililalamika kwa mwanafunzi mwenzangu ambaye alikuwa akifanya kazi mahali pengine, naye akanieleza kwamba yeye alikubali zamani, na tangu siku ile hawezi kukataa kitu, kwa kuwa msimamizi wake anajua.

Maneno hayo, "anajua", ndiyo niliyokuja kuyaelewa baadaye niliposoma yaliyotokea Australia. Mwaka 2015 uchunguzi wa waandishi wa habari ulifichua jinsi wanafunzi wa kigeni katika maduka mengi yanayotumia jina la kampuni moja kubwa walivyokuwa wakilipwa pungufu sana ya kiwango cha kisheria. Namna ilivyofanywa ni ya kuangaliwa kwa makini. Mwajiri humshawishi mwanafunzi avuke kikomo cha saa, kisha humlipa nusu ya saa alizofanya ili vitabu vionekane safi, na mwanafunzi akilalamika huambiwa kwamba aliyevunja masharti ya viza ni yeye. Kikomo kilichowekwa kumlinda msomi kikawa kamba mikononi mwa anayemdhulumu. Ilichukua miaka mingi, lakini tangu Julai 2024 sheria ya nchi hiyo inahesabu kuwa kosa la jinai mwajiri kutumia hali ya viza ya mfanyakazi kumlazimisha au kumtisha. Si kila nchi imefika hapo. Kwa hiyo zile saa tatu za mkononi, ambazo huonekana kama hisani ndogo kati ya watu wawili wanaoelewana, humfanya mmoja wao ashike siri ya mwenzake, na atakayeshika siri hiyo si wewe.

Kuna mitego mingine ambayo haina mtu mbaya ndani yake. Uingereza, mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu kwa kawaida ni kujiajiri, ingawa programu yenyewe haikuulizi unasomea nini. Kazi isiyolipwa nayo huweza kuingia katika zile saa 20. Na lipo hili la wanaosoma hukohuko shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ambalo nimeona likiwakamata wengi: madarasa huisha mwanzoni mwa kiangazi, wenzao wa shahada ya kwanza hufungasha na kuanza kazi za kutwa nzima, nao huamini kwamba likizo imefika. Haijafika. Miezi ya kuandika tasnifu ni sehemu ya kozi, na kikomo kinaendelea hadi kozi imalizike. Nami ningeongeza, kama mtu aliyeandika tasnifu, kwamba hata kama sheria ingeruhusu, ile ndiyo miezi mibaya zaidi ya kuuza saa zako.

Kuhusu kodi nitasema kidogo, kwa kuwa nililipuuza na nikapoteza. Slipu ya mshahara isomwe, si namba ya chini pekee. Uingereza, mwajiri asiyekuwa na taarifa zako kamili huweza kukukata kwa msimbo wa kodi wa dharura, yaani hesabu ya muda hadi taarifa zako zipatikane, na kilichozidi hurudishwa. Marekani, mwenye viza ya F-1 ambaye bado anahesabiwa kuwa si mkazi kwa mambo ya kodi, kwa kawaida ndani ya miaka 5 ya kwanza ya kalenda, hadaiwi makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya, hasa ya wazee), lakini waajiri wengine huyakata bila kujua. Mimi nilikatwa zaidi ya nilivyostahili kwa miezi minne nikidhani ndivyo nchi za watu zilivyo.

Zamu zilipopunguzwa nilipata kazi ya pili, kwa bahati tu, kupitia tangazo lililobandikwa karibu na mashine ya kunakili maktabani: kurudisha vitabu kwenye rafu, saa 12 kwa wiki, asubuhi kabla ya mihadhara. Ujira wake kwa saa ulikuwa chini kidogo ya ule wa mgahawa, na kwa wiki nilipata karibu nusu tu ya nilichozoea. Nilikaribia kuikataa. Kisha nikafungua daftari nikajaza safu ya mwili: saa 12 za kazi, na kutembea kutoka chumbani ambako ningetembea hata hivyo kwenda darasani. Safu mbili zilikuwa karibu sawa, kwa mara ya kwanza. Nilipogawanya fedha kwa saa za mwili na kuondoa nauli, rafu zilinilipa zaidi ya sufuria. Fedha iliyopungua niliifidia kwa kuhamia chumba kidogo zaidi, na kwa kuwaeleza nyumbani kwamba mwaka ule nisitegemewe kutuma chochote. Mazungumzo hayo yalikuwa magumu kuliko zamu yoyote niliyowahi kufanya, na nilipaswa kuyafanya kabla ya kuondoka, mezani, uso kwa uso, badala ya kwa simu inayokatikakatika.

Hata hivyo nisieleweke kwamba najuta kuosha vyombo. Lugha niliyoisoma kwa miaka mingi katika vitabu niliisikia ikiwa hai kwa mara ya kwanza kupitia lile dirisha dogo la trei, ikiwa na matusi yake, mizaha yake na maneno yake yaliyokatwa nusu, na mwezi wa pili nilikuwa nikiwaelewa wahadhiri waliozungumza haraka kuliko wenzangu ambao hawakutoka chuoni. Mzee mmoja mpishi, naye mgeni wa nchi ile kwa zaidi ya miaka 20, alinifundisha mambo ambayo hakuna ofisi ingenifundisha: jinsi ya kusoma mkataba kuanzia mwisho, jinsi ya kupiga picha orodha ya zamu kila Jumatatu kabla haijabadilishwa, na kwamba mtu mwenye mtihani kesho asiseme "naomba ruhusa", aseme "siwezi kuja". Picha hizo za orodha ndizo zilizonisaidia nilipodai malipo ya sakafu. Nililipwa ya mwezi mmoja. Ya miezi iliyotangulia sikuwa na picha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nilichokuandikia hatimaye ni kifupi kuliko haya. Wiki sita za kwanza usifanye kazi kabisa kama unaweza, hadi uijue ratiba yako na uzito wake. Ukianza, anza na saa 8 au 10, utafute kwanza ndani ya chuo, na uchore safu mbili. Mwezi wa mitihani uwe umeshamwambia msimamizi mapema, kwa maandishi. Nikampigia picha ule ukurasa wa daftari, pamoja na doa la maji lililoufifisha upande wa kulia, nikamtumia.

Alinyamaza siku tatu, nikadhani nimemvunja moyo. Ya nne akajibu. Hakuuliza tena kama saa 20 zitamtosheleza. Aliniuliza basi la mwisho kutoka pale chuoni kwao huondoka saa ngapi usiku, na kama nafahamu mahali pa kuliangalia.